Dawa ya Deni ni Kulipa, si Kulihamisha

Wahenga waliposema kwamba dawa ya deni ni kulipa, hawakuijua kadi ya mkopo. Leo imezuka namna ya kulipa ambayo mdaiwa hutoka nayo akiwa na stakabadhi mkononi, mdai wake ameridhika, na bado deni liko palepale, tena limenenepa. Namna hiyo ni kulipa rejesho la gari kwa kadi ya mkopo. Suala hili ni la Marekani zaidi, nchi ambayo wapo ndugu zetu wengi waliotoka Afrika Mashariki na Kongo. Hata hivyo, ndugu msomaji, usiifunge kurasa hii ukidhani kwamba halikuhusu. Kama tutakavyoona mbele, jambo hilohilo limekwisha kubisha hodi majumbani mwetu kwa sura nyingine.

Gari ni haja, si fahari

Katika miji mingi ya Marekani, asiye na gari hafiki kazini kwa wakati, hampeleki mtoto hospitali usiku, wala haiwahi sala ya Ijumaa. Kwa hiyo familia inayohamia huko haichukui muda mrefu kabla ya kutafuta gari, na wengi hawana fedha taslimu za kulinunua. Biashara ya kukopesha magari si ngeni huko: kampuni ya General Motors ilianzisha tawi lake la kukopesha wanunuzi tangu mwaka 1919.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni mkopo: mnunuzi hupewa gari, nalo huwa rehani mpaka amalize marejesho, mara nyingi kwa miaka mitano au zaidi. Ya pili ni kukodi kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu: mkodi hulipa kila mwezi, hupangiwa masafa asiyotakiwa kuyazidi, na mwisho wa mkataba gari hurudi kwa mwenyewe. Njia hizi zinatofautiana kwa mengi, ila zinafanana kwa jambo moja. Katika majimbo mengi, mlipaji akichelewa, mdai anaweza kulichukua gari pasipo kwenda kwanza mahakamani. Mtu huamka asubuhi akakuta mahali alipoliegesha ni patupu. Hofu hiyo ndiyo inayomfanya baba au mama wa familia, katika mwezi uliokuwa mgumu, aitazame kadi ya mkopo iliyomo mfukoni mwake kana kwamba ni rafiki.

Milango mitatu, na kila mmoja una ushuru

Wakopeshaji wengi wa magari hawaipokei kadi ya mkopo moja kwa moja. Sababu ni nyepesi. Kila kadi inapotumika, anayepokea malipo hukatwa sehemu ya fedha, kwa kawaida kati ya asilimia 1.5 na 3.5. Mkopeshaji hataki kupoteza sehemu hiyo ya faida yake. Hapo ndipo mdaiwa anapotafuta njia ya kuzunguka, naye hukuta milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni kampuni ya kati. Kampuni hiyo huikata kadi, kisha humpelekea mkopeshaji fedha au hundi, na hutoza takriban asilimia 3 kwa kazi hiyo. Mlango wa pili ni kutoa fedha taslimu kwa kadi. Hapa ada ni kama asilimia 3 hadi 5, riba yake aghalabu huwa juu kuliko ile ya manunuzi, na huanza kuhesabiwa siku ileile, bila muhula wowote. Mlango wa tatu ni kulihamishia deni kwenye kadi mpya yenye miezi kadhaa isiyo na riba. Huu ndio unaopambwa zaidi, kwa kuwa muhula wake unaweza kufika mwaka mmoja au kuupita. Lakini nao una ada ya kuingilia, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5, na muhula ukiisha, salio lililobaki huangukia katika riba ya kawaida ya kadi. Riba hiyo kwa wastani ilizidi asilimia 20 kwa mwaka katika miaka ya 2023 na 2024.

Hesabu haina huruma

Tuchukue mfano. Familia inadaiwa rejesho la dola 450 kwa mwezi. Mume amepunguziwa saa za kazi, na kwa miezi sita wanalipa rejesho hilo kwa kadi kupitia kampuni ya kati. Kila mwezi kadi inakatwa dola 463.50, yaani rejesho pamoja na ada. Baada ya miezi sita kadi inadai dola 2,781. Tuseme riba ya kadi ni asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kwa mwezi, na tusiihesabu kabisa riba ya miezi hiyo sita ya mwanzo. Familia ikiamua kulimaliza deni hilo kwa miaka miwili, italazimika kulipa kama dola 147 kila mwezi. Marejesho yaliyokuwa dola 2,700 yatakuwa yamegharimu zaidi ya dola 3,500.

Lakini dola hizo 800 si msiba mkubwa. Msiba mkubwa ni huu: rejesho la gari lenyewe halikusimama. Mwezi wa saba familia inadaiwa dola 450 za gari na dola 147 za kadi, jumla dola 597. Nyumba iliyoshindwa kulipa 450 ndiyo sasa inayotakiwa kulipa 597.

Ipo hoja kwamba kadi hutoa zawadi kwa kila matumizi, hivyo mtu mwenye fedha zake benki anaweza kulipa kwa kadi, akailipa kadi mara moja, na kubaki na zawadi. Tuipime. Zawadi ya kawaida ni asilimia 1 au 2. Kwa rejesho la dola 450, asilimia 2 ni dola 9, na ada ya kampuni ya kati ni dola 13.50. Amelipa dola 13.50 ili arudishiwe dola 9.

Sheria ya Marekani yenyewe inatambua hatari iliyomo. Tangu sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009, kila taarifa ya mwezi inapaswa kumwonyesha mwenye kadi itamchukua muda gani kumaliza deni akilipa kile kiwango cha chini tu. Anayetaka kujua hali yake na asome sehemu hiyo kabla ya kuitazama nyingine yoyote.

Neno la Sharia

Wafasiri wa Qur'an wameeleza sura ya riba iliyozoeleka zama za Ujahilia. Deni lilipofika wakati wake, mdai alimwendea mdaiwa na kumpa hiari mbili: alipe, au aongeze. Asiye na kitu aliongeza, akapata muda, na deni likakua. Allah (SW) ameiharamisha riba na kuhalalisha biashara katika Surat Al-Baqara, aya ya 275, na katika Surat Aal Imran, aya ya 130, amewakataza waumini kula riba inayozidi maradufu. Sasa litazame rejesho la gari linalolipwa kwa kadi. Deni limefika wakati wake, mdaiwa hana kitu, ananunua muda kwa nyongeza. Kilichobadilika ni kwamba mdai wa pili amekaa mahali pa wa kwanza.

Ni kweli kwamba Sharia inakubali deni kuhamishwa kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine. Muamala huo wanazuoni huuita hawala. Lakini hawala imewekwa kwa ajili ya kumrahisishia mdaiwa: deni huhama kama lilivyo, bila kuzidishwa.

Kuhusu kadi yenyewe, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh mwaka 2000, liliamua kwamba haifai kutoa wala kutumia kadi ya mkopo ambayo mkataba wake una sharti la riba, hata kama mtumiaji amekusudia kulipa ndani ya muhula usio na riba. Wapo wanazuoni waliolegeza kwa wenye haja wanaoishi katika nchi zisizo na njia nyingine, kwa sharti la kulipa kabla riba haijaanza. Basi hata kwa kauli hii nyepesi, anayeitumia kadi kwa sababu hana fedha za kulipia hakupata ruhusa, kwa kuwa amekwisha kujua kwamba muhula utamwishia.

Sura yake hapa kwetu

Afrika Mashariki wenye kadi za mkopo ni wachache. Lakini simu ipo katika kila mkono, na mikopo ya simu imeifanya kazi ileile. Huduma ya M-Shwari ilipoanzishwa Kenya mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Asilimia hiyo huonekana ndogo kwa anayekopa kidogo, lakini mwenye kukopa hivyo kila mwezi hutoa asilimia 90 kwa mwaka. Tanzania nayo ina mikopo yake ya simu, na mitaani ipo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu.

Mtazame kijana wa bodaboda au bajaji ya mkataba. Kila siku anadaiwa hesabu na mwenye chombo, kwa matumaini kwamba siku moja chombo kitakuwa chake. Mvua ikinyesha siku tatu, abiria hakuna, na hesabu haingoji. Anakopa kwenye simu ili alipe hesabu. Jumatatu anafanya kazi ya kulipa simu, na hesabu ya Jumatatu inabaki. Jumanne anakopa kwa mtu wa mtaani ili aifukie. Huyu na yule wa Marekani hawakuwahi kuonana, lakini wamo katika shimo moja.

Nyumba ifanye nini

Kwanza, deni lisifichwe ndani ya nyumba. Mara nyingi mume hukopa kwenye kadi au simu ili mkewe asijue kwamba mambo yamekaza, au mke huficha mkopo wake wa kikundi. Mkikaa pamoja mkaandika kila kinachodaiwa, mtajua ni kipi cha kupunguza. Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe, katika aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an. Amri hiyo haikuja bure.

Pili, mwendee mdai kabla tarehe haijafika. Wakopeshaji wengi wa magari hukubali kuisogeza tarehe ya malipo au kulipeleka rejesho moja mwisho wa mkataba. Uliza kama riba itaendelea kuhesabiwa, na upate jibu kwa maandishi. Mwenye bodaboda wa mtaani naye ni mtu: mweleze kabla hajaanza kukutafuta. Na kwa mwenye kudai, Qur'an ina neno lake katika aya ya 280 ya sura hiyohiyo: mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi.

Tatu, jiulizeni kama gari hilo ni la kipato chenu. Kuliuza, kulimaliza deni na kununua kuukuu la bei nafuu ni uchungu wa siku chache. Waliokopa harusi na kulipa matanga wangependa wangelifanya hivyo mapema.

Nne, ndugu na jamaa wakumbuke karadha njema, yaani kukopeshana bila nyongeza. Mtume (SAW) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari chache, akajizuia kulisalia mpaka Abu Qatada (RA) alipojitolea kulibeba deni hilo. Leo msikiti ambao watu wake kumi wanaweza kumtoa mwenzao kwenye rejesho la mwezi mmoja hauna sababu ya kumwacha aende kwenye kadi. Aidha, wenye kulemewa na madeni ni miongoni mwa mafungu manane ya zaka yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60.

Tano, anayetaka kununua gari sasa na atafute muamala safi tangu mwanzo. Kenya ina Gulf African Bank tangu mwaka 2008, na Tanzania ina Amana Bank tangu mwaka 2011. Katika murabaha, benki hulinunua gari kwanza likawa mali yake, kisha humuuzia mteja kwa bei iliyotajwa pamoja na faida yake. Bei hiyo haiongezeki mteja akichelewa. Hata hivyo, mkataba usomwe mpaka mwisho. Uulize nani alilimiliki gari kabla yako na faini ya kuchelewa inakwenda wapi.

Na aliyekwisha kuingia kwenye riba asikate tamaa. Atubie, asiongeze mkopo mpya juu ya ule wa zamani, na alimalize mapema kila anapopata nafasi. Tusisahau kwamba deni halifi na mwenyewe: kwa mujibu wa Surat An-Nisaa, aya ya 11, mirathi haigawiwi mpaka wasia utekelezwe na deni lilipwe. Anayelihamisha deni leo kutoka kadi hadi kadi huenda anawahamishia watoto wake.

Allah (SW) atuepushe na uzito wa madeni, na atutosheleze kwa halali yake. Amin.