Ziara ya askari kwenye medani za zamani si matembezi

Abiria anayetoka Voi kwenda Taveta, nchini Kenya, hupita karibu na kilima cha Salaita bila hata kukigeukia. Ni kilima kidogo chenye vichaka, na hakina cha kumfanya dereva apunguze mwendo. Lakini askari kijana akishushwa pale, akapewa ramani ya zamani na kuambiwa atembee kutoka upande waliotokea washambuliaji, anaweza kuelewa kwa nusu saa jambo ambalo darasani lingemchukua wiki nzima.

Tarehe 12 Februari 1916, majeshi ya Uingereza yalikishambulia kilima hicho kilichokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mizinga ilipiga kileleni. Kumbe mahandaki makuu ya Wajerumani na askari wao Waafrika yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima. Brigedi iliyokuwa imewasili karibuni kutoka Afrika Kusini ilisonga mbele, ikakutana na risasi zilizotoka mahali isipopategemea, ikarudi nyuma. Zaidi ya watu wake 130 waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena.

Safari za kuwapeleka askari walio kazini kwenye maeneo kama hayo zipo katika majeshi mengi duniani. Bajeti inapobanwa, ni rahisi sana kuzifuta. Hazinunui bunduki, hazijengi nyumba za askari, na kwenye karatasi zinaonekana kama matembezi. Serikali ya Marekani ilipokata matumizi ya majeshi yake mwaka 2013, hata maonyesho ya ndege za kivita yanayopendwa na familia yalisitishwa. Kinachoonekana kuwa pambo ndicho huondolewa kwanza.

Nyumbani nako hoja ni ile ile. Baba au mama aliye jeshini anarudi na taarifa kwamba kikosi kinakwenda siku nne kuona makaburi ya vita. Mwenzake anauliza: hiyo ni kazi au ni starehe? Ada ya shule haijalipwa, na mtu anakwenda kuangalia mawe?

Swali hilo ni la haki. Lakini familia hiyo hiyo huwa na safari yake ya kwenda kijijini kusafisha makaburi ya babu na bibi. Mwaka wa kwanza inaahirishwa kwa sababu nauli imepanda. Mwaka wa pili inaahirishwa tena. Mwaka wa tano mtoto anaulizwa babu yake alizikwa wapi, naye hajui. Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa, na asili huachwa hivyo hivyo, safari moja baada ya nyingine.

Darasa lisilo na kuta

Safari hizi zilianza kama mafunzo. Mwaka 1906, Meja Eben Swift wa Jeshi la Marekani aliwachukua maofisa wanafunzi wa Fort Leavenworth hadi jimbo la Georgia, kwenye medani za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Walitembea walikotembea makamanda wa zamani, na kila mahali waliulizwa: kamanda huyu aliona nini akiwa hapa, na wewe ungeamua nini?

Afrika Mashariki haina haja ya kwenda mbali kutafuta darasa kama hilo. Tanga lipo. Mwanzoni mwa Novemba 1914, Jenerali Arthur Aitken aliteremsha hapo kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India. Walikuwa wamekaa melini majuma kadhaa, wengi wamechoshwa na bahari. Kabla ya hapo meli ya kivita ilikwishaingia bandarini kudai mji usalimu amri, hivyo adui akapata onyo. Paul von Lettow-Vorbeck aliwaleta askari wake kwa reli kutoka upande wa Moshi, na ingawa alikuwa na watu wapatao 1,000 tu, alishinda. Nyuki waliochokozwa na risasi walizidisha vurugu. Waingereza walirudi melini wakiacha mamia ya bunduki na risasi nyingi sana.

Anayesimama Ras Kasone leo na kutazama njia ya kuelekea mjini huona kwa macho yake kosa lilikuwa wapi. Hakuna aliyetumwa mapema kuchunguza nchi ile. Kwa luteni au koplo ambaye kesho atawaongoza wenzake, somo hilo lina thamani kubwa, na makaburi yaliyopo Tanga humkumbusha ni nani hulipa mkubwa anapodharau maandalizi.

Waliobeba mizigo

Kuna somo jingine ambalo makaburi hayalitoi, kwa sababu wenyewe hawana makaburi. Waingereza walitumia zaidi ya wapagazi milioni moja katika vita hivyo vya Afrika Mashariki. Walibeba chakula, risasi na majeruhi mahali ambapo gari halikufika na mnyama aliuawa na ndorobo. Wapagazi wapatao 95,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Jina la kikosi chao limebaki midomoni mwa watu kila siku. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Mama anayekwenda sokoni kununua nguo za shule hutaja jina lao bila kujua kwamba anawataja wafu.

Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao Waafrika na Wamisri waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Askari anayelisikia hilo akiwa amesimama makaburini Taveta au Tanga hulisikia tofauti. Anaona safu za mawe yenye majina, kisha anajiuliza wako wapi waliowabebea hawa chakula. Anajifunza kwamba jeshi hutembea kwa mgongo wa watu wasiotajwa: wapishi, madereva, wauguzi. Anajifunza pia kwamba kuandika jina la mtu vizuri kwenye daftari la kikosi ni heshima, na kwamba kuna familia itakayolihitaji jina hilo siku moja.

Wazee hawasubiri bajeti

Kwa familia za Tanzania, medani iliyo karibu zaidi na moyo ni ya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na daraja la Kyaka likabomolewa. Wanajeshi, pamoja na mgambo walioitwa kutoka vijijini, walikwenda mbele, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Wengi wa mashujaa waliopoteza maisha wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia miaka 70. Makaburi ya Kaboya yatakuwapo hata baada ya miaka kumi. Mzee anayeweza kusimama Kyaka na kuonyesha kwa kidole walivuka wapi, huenda asiwepo. Ziara ikiahirishwa kwa sababu ya fedha, jiwe husubiri, lakini mzee hasubiri.

Na wapo wazee ambao hawajawahi kuwasimulia watoto wao walichokiona. Nyumbani hunyamaza. Mbele ya askari vijana wanaojua uzito wa bunduki na usiku wa lindo, ulimi unaweza kulegea. Siku hiyo mjukuu akiwapo, atamfahamu babu yake kwa namna ambayo sebuleni isingewezekana.

Isiwe pikiniki

Pamoja na hayo, wanaozitilia shaka ziara hizi wasipuuzwe. Ziara ya hoteli nzuri, posho nono, picha kumi na usingizi ndani ya basi inastahili kufutwa hata fedha zikiwapo. Inayostahili kulindwa ina dalili zake, na nyingi hazina gharama kubwa.

Ianzie karibu. Kikosi kisicho na mafuta ya kufika Taveta kinaweza kuanza na Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, au sanamu za Barabara ya Kenyatta, Nairobi, ambako mmoja wa waliochongwa ni mpagazi.

Kila askari apewe kazi kabla ya safari. Mmoja aeleze uamuzi wa kamanda, mwingine chakula kilitoka wapi, mwingine asome jina moja kaburini na kutafuta mtu huyo alitoka nchi gani.

Watembee kwa miguu. Anayetazama kilima kupitia dirisha la basi hawezi kujua kupanda kwake ukiwa na mzigo.

Wakirudi, waandike na kusimulia. Ripoti ya kurasa tatu na mazungumzo na wenzao waliobaki kambini huwafikia wengi ambao nauli haikuwatosha.

Na siku moja familia zialikwe, hata kama ni kwa sanamu ya mjini tu. Mtoto wa askari hukua akijua kwamba mzazi wake huondoka, na mara nyingi haelezwi ni kwa nini. Akishikwa mkono mbele ya jiwe lenye jina la mtu aliyekufa akiwa na miaka 19, atauliza maswali, na mzazi atalazimika kuyajibu. Mazungumzo hayo hayaonekani kwenye hesabu za bajeti, lakini ndiyo humsaidia askari arudi kazini akijua analinda nini, na mwenzi wake abaki nyumbani akijua anamngoja nani.