Mwanafunzi Katika Nchi ya Ugeni

Kila mwaka watoto wengine wa Kibondo na Kasulu huwaaga wazazi wao, hushika njia kwenda shule za mbali. Wako wanaokwenda Kigoma, wako wanaokwenda Tabora, na wachache hufika hata ng'ambo ya bahari. Tena viko vyuo vinavyobadilishana wanafunzi: huyu huja huku kwa mwaka mmoja, na yule huenda kule, kisha kila mtu hurudi kwao. Watu husifu sana safari hizo, lakini ni wachache wanaoeleza jinsi mwanafunzi anavyokaa akiisha kufika. Basi tulitazame jambo hilo.

Tutwae mfano wa Julius Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, na lugha ya kwao ilikuwa Kizanaki. Mwaka 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere, Uganda. Baada ya kufundisha Tabora katika shule ya St. Mary's, aliondoka mwaka 1949 kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, akahitimu mwaka 1952. Angalieni: hakuruka kutoka Butiama hata Ulaya kwa siku moja. Alikuwa mgeni Musoma, akawa mgeni Tabora, akawa mgeni Makerere, na kila mahali alijifunza ugeni kidogo. Mtoto wa Kibondo anayelala bwenini kwa mara ya kwanza ameanza somo lile lile.

Shida ya kwanza ya mgeni wa Ulaya ni baridi na giza. Sisi wa Buha twajiona tunajua baridi, kwa kuwa nchi yetu ni ya vilima. Lakini Edinburgh iko mbali sana upande wa kaskazini. Dunia imeinama kidogo inapolizunguka jua. Kwa hiyo upande wa kaskazini hulielekea jua mwezi wa Juni, na hulipa kisogo mwezi wa Desemba. Kwetu, karibu na Ikweta, mchana ni kama saa 12 siku zote. Kule, mwezi wa Desemba mchana ni saa 7 tu, na mwezi wa Juni hupita saa 17. Mgeni huamka gizani, na akitoka darasani alasiri hukuta giza limekwisha kuingia. Asiyejua sababu hudhani nchi imemkataa. Anayeijua huvaa koti zito, hutembea nje wakati wa mwanga, na hungoja majira yageuke.

Shida ya pili ni chakula. Aliyezoea ugali wa muhogo, maharage na migebuka huona chakula cha ugenini hakina ladha. Nyerere alipofika Uingereza, vita vilikuwa vimekwisha miaka minne, walakini nyama, sukari na siagi zilikuwa bado zikigawiwa kwa kipimo. Na mgao huo haukukoma kabisa hata mwaka 1954. Kwa hiyo mgeni mwenye akili hakunji uso mezani, maana mwenyeji amempa katika kile alicho nacho.

Shida ya tatu ni adabu. Kwetu salamu si jambo la haraka. Mtoto husema "Mwakeye," hupiga makofi polepole, na mbele ya mzee huinama. Katika miji ya Ulaya watu wengi hupitana bila kuamkiana, na mgeni hudhani amechukiwa. Sivyo. Kule adabu huonekana katika mambo mengine: kufika saa ile ile mliyoagana, kungoja zamu yako katika mstari, na kumtazama usoni anayesema nawe. Kwetu kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu. Kule kuinamisha macho huweza kudhaniwa ni kuficha jambo.

Lakini shida iliyo kubwa ni upweke. Mimi sikufika Ulaya. Nilitoka Kibondo kwenda chuo cha ualimu tu. Hata hivyo, jioni ya siku ya tisa nilifunga sanduku langu nipate kutoroka. Mwanafunzi mmoja mkubwa aliniona, asinikemee. Aliniuliza, "Ndugu yangu, ukifika kwenu utasema umerudishwa na nini?" Nilitafuta jibu nisilipate. Hapakuwa na njaa wala adui. Palikuwa na ugeni tu. Nikalifungua sanduku, naye akaniketisha nimwandikie mama barua. Niliandika kwamba ni mzima na kwamba nimeshiba. Mama hakujua kusoma. Alisomewa na katekista. Jibu lake lilikuwa fupi: aliuliza mbona mwanawe hakuomba cho chote. Alikuwa amekwisha fahamu. Tangu hapo niliwaandikia kweli, na moyo ukatulia. Upweke ni kama mpini mpya wa jembe: kwanza hutoa malengelenge, kisha mkono hufanya sugu, na kazi huendelea.

Yako makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kujifungia pamoja na watu wa kwenu tu. Afanyaye hivyo amevuka bahari bila kufika. La pili ni kudharau ulikotoka. Nyerere alirudi mwaka 1952, akafundisha Pugu. Na mwaka 1963 ilipigwa chapa tafsiri yake ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar. Alichokipata ugenini alikileta nyumbani kwa lugha ya nyumbani.

Mwisho, kumbukeni kwamba ugeni hauko ng'ambo tu. Wilaya zetu zimepokea watu wengi waliokimbia vita Burundi na Kongo; kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Watoto wale hawakuichagua safari yao, wala hawakuwa na siku ya kurudi iliyoandikwa katika karatasi. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Basi mtoto mgeni akiingia darasani mwenu, msingoje ajue desturi zenu ndipo mumsalimu. Mpisheni nafasi kwenye benchi, mmuulize jina lake. Huenda sanduku lake limefungwa tayari.