Unachajia boda ya umeme chumbani? Angalia kwanza mlango uko wapi

Hebu tuseme ukweli. Umerudi nyumbani Rabai saa tatu usiku, siku nzima umekuwa ukipeleka abiria Mazeras na kurudi, mgongo unauma. Boda yako ni ya umeme. Unachomoa betri na kuibeba ndani, maana ukiiacha nje usiku kucha hujui asubuhi utaikuta au la. Soketi iko pale karibu na mlango, kwa hivyo unaiweka hapo hapo, unachomeka chaja, unalala. Chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha lina grili.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Makala haya yanahusu hiyo.

Pikipiki za umeme si kitu cha kuona kwenye TV tena. Septemba 1, 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki hizi pale Mombasa, na tangu hapo zimekuwa zikisambaa. Magari nayo yanakuja polepole, hasa Nissan Leaf zilizotumika kutoka Japani. Na ukitaka kucheka, umeme wenyewe hauko mbali na wewe. Laini kubwa inayoleta stima Pwani kutoka bara inaishia papa hapa Rabai, na kuna mtambo wa megawati 90 unaochoma mafuta mazito. Tatizo haliko kwenye zile nguzo kubwa. Liko kwenye soketi ya chumba chako.

Kwanza tuondoe uvumi. Kuna watu wanaapa kwamba gari la umeme ni bomu linalotembea. Si kweli. Nchini Uswidi, ambako serikali huhesabu moto wa aina hii, mwaka wa 2022 yaliungua magari ya umeme 23 kati ya takriban laki sita, ukihesabu na yale ya haibridi ya kuchomeka. Ya petroli na dizeli huungua mara nyingi zaidi. Na wewe mwenyewe umeona petroli ikiuzwa barabarani kwenye chupa za soda, jua kali, muuzaji akivuta sigara. Hilo hatuliogopi, ajabu kweli.

Lakini katika hesabu hiyo hiyo ya Uswidi, skuta za umeme zilizoungua zilikuwa 38 na baiskeli 20. Vyombo vidogo vilishinda magari. New York mwaka wa 2023 watu 18 walikufa kwa moto ulioanzishwa na betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta zilizokuwa ndani ya nyumba. Sababu si kwamba betri ndogo ina laana. Gari huegeshwa nje, ila betri ya boda unalala nayo.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya betri kuna seli nyingi ndogo zimepangwa pamoja. Seli moja ikiumia, labda iligongwa, labda ilijazwa kupita kiasi, labda ilitoka kiwandani na kasoro, hupata joto. Joto hilo linachochea kemikali zilizomo, kemikali zinatoa joto zaidi, na seli ya jirani nayo inaanza. Ikishafika hapo hakuna swichi ya kuizima, hata ukichomoa chaja. Inatoa moshi wenye sumu na unaoweza kuwaka, tena kwa kasi. Kutoka moshi wa kwanza hadi miali inaweza kuwa sekunde tu. Sasa weka hiyo betri kati yako na mlango wa pekee, halafu paa liwe la makuti.

Najua utaniambia nini. "Sasa nichajie wapi, na wezi hawa?" Swali la haki kabisa, na sitajifanya nina jibu tamu. Ikiwa kampuni yako ina vituo vya kubadilisha betri, badilisha huko na ulale bila mzigo. Ikiwa lazima uchajie nyumbani, isogeze upande wa ndani wa chumba, mbali na kitanda, godoro na pazia, ili njia ya kutokea ibaki wazi. Iwe juu ya sakafu ya saruji, si zulia. Na chaji ukiwa macho. Betri ya kilowati-saa 3 hivi kwa chaja ya wati 800 hujaa kwa takriban saa nne. Ukianza saa kumi na mbili jioni, unamaliza kabla ya kulala. Utapoteza abiria wawili watatu wa jioni, ndiyo, na hiyo ni pesa.

Chaja ndiyo inayochezewa sana. Plagi ikiingia, mtu anadhani inafaa. Betri ya volti 72 ya aina moja hujaa ikifika volti 84, lakini chaja iliyotengenezewa aina nyingine inaweza kusukuma hadi volti 87 na zaidi. Tofauti ya volti tatu inaonekana ndogo, ila seli za lithiamu hazina utani na kujazwa kupita kiasi. Kuna saketi ndani ya betri ya kuzuia hilo. Basi fundi akikuambia "betri inajizima ovyo, wacha nikate hii saketi uendelee na kazi", mchukulie kama fundi anayekukatia breki kwa sababu zinapiga kelele.

Tukija kwa gari, mara nyingi kinachoanza kuungua si betri. Ni waya. Soketi zetu za pini tatu zina fyuzi ya ampia 13, yaani kama wati 3,100 kwa juu kabisa. Birika la umeme linavuta wati elfu mbili hivi kwa dakika tano, basi. Leaf ya kilowati-saa 40 ikichajiwa kwenye soketi ya kawaida inavuta kiasi hicho hicho saa kumi na saba mfululizo. Soketi iliyolegea, au iliyoliwa na unyevu wa Pwani, itayeyuka. Ekstensheni ni mbaya zaidi, hasa ile ndefu ukiiacha imejikunja kwenye gurudumu lake, maana joto halina pa kutokea. Ukiwa na gari, mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye swichi kuu, yenye breka yake na kinga ya kukata umeme ukivuja. Kama umepanga, kwanza ongea na mwenye nyumba. Stima ikipotea, chomoa, na usirudishe chaja papo hapo inaporudi, kwani wakati mwingine hurudi kwa kishindo.

Halafu kuna mvua za masika. Ukivuka maji yaliyofika kwenye betri, usiichaji siku hiyo. Maji ya chumvi ndiyo hatari zaidi. Huko Florida mwaka wa 2022, baada ya kimbunga Ian, magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya bahari yaliwaka siku kadhaa baadaye, yakiwa yameegeshwa tu. Ipeleke ikaguliwe.

Dalili utazijua. Betri imevimba, inatoa harufu tamu kama rangi ya kucha, inafoka "tsss", au ina joto kuliko kawaida. Ukisikia hizo, usianze kupiga video. Zima swichi kuu kama iko njiani mwako, toa watu wote nje, waamshe na majirani, kaa umbali wa mita 15 na upige 999. Mchanga na blanketi haviipozi. Kinachoipoza ni maji, tena mengi sana, na hiyo ni kazi ya wazimamoto. Ikizimika, usiirudishe ndani, kwa sababu inaweza kuwaka upya saa kadhaa au hata kesho yake. Iache uwanjani, mbali na ukuta na minazi, na asisogee mtoto yeyote.