Bunduki nafuu ya michezo: Katriji nyepesi ndiyo mtihani wake

WAHENGA walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humkemea mvivu anayetafuta visingizio, lakini haimfai mtu anayenuia kununua bunduki ya marisau ya nusu-otomatiki kwa minajili ya mchezo wa kulenga shabaha. Huyu hana budi kuchagua, tena kwa makini, hasa iwapo mfuko wake ni mwepesi na katriji anazokusudia kutumia ni nyepesi vilevile. Asipofanya hivyo, atajikuta kiwanjani akiwa na chombo kinachokwama kila baada ya risasi mbili tatu. Na bunduki iliyokwama huku ikiwa na risasi ndani si kero tu, bali ni hatari.

Nchini Uingereza, ambako viwanja vya kulenga visahani vya udongo vimetapakaa mashambani, suala hili huwakabili wengi. Aghalabu anayelikabili si bingwa. Huenda ni mwanamke anayeanza kujifunza, kijana ambaye mabega yake hayajakomaa, au mzee aliyewahi kuumia bega. Wote hao huelekezwa kwenye bunduki ya nusu-otomatiki, hasa ile inayoendeshwa kwa gesi, kwa sababu teke lake ni la pole kuliko la bunduki ya mitutu miwili. Kisha hushauriwa watumie katriji nyepesi ili teke hilo lipungue zaidi. Mashauri yote mawili ni sahihi. Tatizo ni kwamba bunduki ya aina hiyo huendeshwa na nguvu ileile ambayo katriji nyepesi huipunguza.

Uzito unaozungumziwa hapa ni wa marisau yenyewe, yaani punje ndogo za risasi zilizomo ndani ya katriji. Katika mashindano ya kawaida ya Uingereza uzito huo hauzidi gramu 28. Katika Michezo ya Olimpiki kiwango ni gramu 24, na zipo katriji za gramu 21 ambazo huwafaa wanaoanza. Kwa upande mwingine, mwindaji wa mabata bukini anaweza kutumia katriji ya gramu 36 au zaidi. Zote hizo huingia katika mtutu wa namba 12, ambao kipenyo chake ni takriban milimita 18.5. Kwa hivyo, bunduki moja hutarajiwa kuvila vyakula vya kila namna bila kuchagua, na si kila bunduki inayoweza.

Kazi ya sekunde moja

Mlengaji anapofyatua bunduki ya mitutu miwili, kazi ya kuifungua na kuijaza upya ni ya mikono yake. Bunduki ya nusu-otomatiki hujifanyia yenyewe. Kabla hata sekunde moja haijapita, komeo lililofunga nyuma ya mtutu hufunguka, huvuta ganda tupu, hulitupa nje, huirudisha nyundo mahali pake, huibana springi, kisha hurejea mbele likisukuma katriji mpya na kufunga tena. Nguvu ya kutenda hayo yote hutokana na mlipuko mmoja tu.

Hesabu ya mlipuko huo ni nyepesi. Kwa mwendo uleule, marisau ya gramu 24 hutoa msukumo pungufu kwa theluthi moja kuliko ya gramu 36, na pungufu kwa sehemu moja kati ya saba kuliko ya gramu 28. Isitoshe, aina ya kizibo kinachotenganisha baruti na marisau ina athari yake. Kizibo cha plastiki hukaza vyema ndani ya mtutu na kuzuia gesi isivuje. Kile cha nyuzi za mimea, ambacho viwanja vingi vya Uingereza hukishurutisha kwa ajili ya kulinda mazingira na mifugo, hakikazi kwa kiasi hicho. Ndiposa bunduki inayokubali gramu 24 zenye kizibo cha plastiki inaweza kuzikataa gramu hizohizo zenye kizibo cha nyuzi.

Mifumo mitatu

Mfumo wa kwanza kufanikiwa ulibuniwa na Mmarekani John Browning, aliyeupatia hataza mwaka wa 1900. Alipotofautiana na kampuni ya Winchester kuhusu malipo, aliipelekea kampuni ya Remington uvumbuzi wake, lakini rais wa kampuni hiyo, Marcellus Hartley, alifariki ghafla mwaka wa 1902 kabla ya kumpokea. Browning akavuka bahari hadi Ubelgiji, ambako kiwanda cha FN kilianza kuitengeneza bunduki hiyo, iliyokuja kuitwa Auto-5. Ndani yake mtutu mzima hurudi nyuma pamoja na komeo. Mwenyewe hutakiwa kuzipanga upya pete za msuguano kulingana na uzito wa katriji. Akizipanga kwa katriji nzito kisha akatumia nyepesi, bunduki hukwama. Yeyote anayenunua mkongwe huyo kwa bei ya chini anapaswa kulijua jambo hilo kabla ya kulaumu chombo.

Mfumo wa pili hutumia gesi. Vitundu vidogo vilivyotobolewa kwenye mtutu huruhusu sehemu ya gesi ya baruti kuingia katika silinda iliyo chini yake na kuisukuma pistoni, nayo pistoni hulisukuma komeo. Vitundu vikiwa vidogo mno, gesi ya katriji nyepesi haitoshi. Vikiwa vikubwa, katriji nzito huzigonga sehemu za ndani kwa nguvu na kuziharibu. Miundo ya kisasa hutatua tatizo hilo kwa kuweka vitundu vikubwa pamoja na vali inayoitoa nje gesi ya ziada. Baadhi ya bunduki za bei nafuu zilichukua njia rahisi zaidi: Weatherby SA-08, iliyotengenezewa Uturuki, iliuzwa ikiwa na pistoni mbili, moja ya katriji nyepesi na nyingine ya nzito. Mfumo wa gesi hupunguza makali ya teke, ila huacha masizi ambayo yasiposafishwa hula nguvu ile chache iliyopo.

Mfumo wa tatu ulibuniwa na Bruno Civolani na kupata umaarufu kupitia kampuni ya Benelli, iliyoanzishwa mjini Urbino, Italia, mwaka wa 1967. Huu hautumii gesi. Bunduki inaporuka nyuma, komeo zito husita mahali pake kwa muda mfupi sana na kuibana springi ngumu iliyo ndani yake. Springi hiyo inapojinyoosha, hulirusha komeo nyuma. Ni mfumo safi na wenye sehemu chache, lakini unategemea bunduki yenyewe iruke kwa kasi. Bunduki ya kilo 3.2 ikirusha gramu 28 kwa mwendo wa mita 400 kwa sekunde, itarudi nyuma kwa takriban mita 3.5 kwa sekunde, bila kuhesabu baruti. Kwa gramu 24 kasi hiyo hushuka hadi mita 3. Mwenye kuongeza vyuma vya uzito ili kulituliza teke huishusha zaidi, na hapo huenda komeo likakosa nguvu ya kumaliza safari yake.

Kwa hivyo, kwa mtu ambaye katriji zake zote zitakuwa za gramu 21 au 24 na ambaye bega lake linahitaji kuhurumiwa, mfumo wa gesi ndio wa kufikiriwa kwanza. Anayetumia gramu 28 na kuchukia kazi ya kusafisha masizi anaweza kuridhika na ule wa tatu.

Unafuu uko wapi?

Bunduki nyingi za bei ya chini zinazouzwa Ulaya na Marekani hutoka Uturuki. Mji wa Huğlu, katika mkoa wa Konya, una ushirika wa mafundi ambao umetengeneza bunduki zilizouzwa ng'ambo kwa chapa nyingine, zikiwemo za CZ. Hatsan nayo hutengeneza aina ya Escort, na Stoeger, iliyo chini ya mwavuli mmoja na Benelli na Beretta, imekuwa ikiuza bunduki za Kituruki zinazofuata mfumo wa tatu. Bei ya silaha hizi huweza kuwa nusu ya bei ya zile za kifahari za Italia.

Njia ya pili ni kununua iliyotumika. Remington 1100, iliyozinduliwa mwaka wa 1963, na Beretta za zamani kama A303 ni bunduki za gesi zilizotengenezwa kwa wingi, na bado hupatikana. Hata hivyo, mnunuzi anapaswa kukagua sehemu ndogo. Ndani ya Remington hiyo mna pete ya mpira inayozuia gesi isivuje. Pete hiyo ikipasuka, katriji nyepesi ndizo zitakazokuwa za kwanza kukwama, na wengi wamewahi kuiuza kwa hasara bunduki ambayo ugonjwa wake ulikuwa pete ya mpira ya bei ya chini kabisa. Kadhalika, ni muhimu kuhakikisha kuwa mtutu haukukusudiwa katriji nzito pekee, kwani mtutu wa namna hiyo huwa na nafasi finyu ya kupitisha gesi.

Kosa jingine ni kuvutiwa na chemba ndefu. Bunduki yenye chemba ya milimita 89 husifiwa kwamba hukubali kila kitu, hadi katriji za gramu 56. Sifa hiyo ina thamani kwa mwindaji wa mabata. Kwa mlenga visahani ni mzigo, kwa kuwa kadiri muundo unavyotakiwa kustahimili mizigo mizito, ndivyo inavyokuwa vigumu kuuridhisha kwa ile miepesi. Chemba ya milimita 70 au 76 inamtosha.

Majaribio kabla ya malipo

Hatua ya kwanza ni kusoma kijitabu cha mtengenezaji na kutafuta uzito wa chini kabisa wa marisau anaoutambua. Ikiwa kimeandikwa gramu 28 na mnunuzi ananuia kutumia 24, asitegemee maneno matamu ya muuzaji.

Hatua ya pili ni kuijaribu bunduki kwa katriji zilezile zitakazotumiwa, ikiwa imeshikwa na mtu yuleyule atakayeitumia. Masanduku mawili ya katriji 25 yanaweza kufichua mengi. Dalili ya awali ya nguvu kupungua ni ganda tupu kudondoka karibu na miguu badala ya kurushwa mbali. Dalili nyingine ni komeo kushindwa kubaki wazi baada ya risasi ya mwisho, kwa bunduki zilizoundwa kufanya hivyo. Ganda likibanwa mlangoni wakati komeo linarejea, jibu limeshapatikana.

Bunduki mpya inastahili kuvumiliwa kidogo. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa grisi nzito ya kuhifadhia, na springi zake bado ni ngumu. Ikifunguliwa, ikasafishwa, ikapakwa mafuta mepesi na kuanzishwa kwa katriji za uzito wa juu kidogo, mara nyingi hulegea na kuanza kukubali zile nyepesi. Mafuta mengi hayasaidii, kwani huganda wakati wa baridi na kukusanya masizi.

Usalama na sheria

Bunduki inapokwama, mdomo wa mtutu hubaki umeelekezwa uwanjani, kidole hutolewa kwenye kifyatulio, na risasi huondolewa kabla ya lolote lingine kufanywa. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, ulengaji husitishwa na mtutu huchunguzwa, kwani kizibo kinaweza kuwa kimesalia ndani. Risasi inayofuata ikikutana nacho, mtutu unaweza kupasuka usoni pa mwenyewe. Viwanja vingi hutaka pia kibendera chenye rangi kali kichomekwe kwenye chemba, kwa sababu bunduki hii haikunjiki kama ya mitutu miwili ili wengine waone kwamba ni tupu.

Sheria nazo hutofautiana. Uingereza, kufuatia mauaji ya Hungerford ya mwaka wa 1987, ilipitisha sheria mwaka uliofuata ambayo kwayo bunduki ya aina hii inayomilikiwa kwa cheti cha kawaida haipaswi kubeba zaidi ya katriji mbili katika hifadhi yake, mbali na ile iliyo chembani. Nchini Kenya, ambako uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, hakuna raia anayeruhusiwa kumiliki silaha bila leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Mwenye kibali hicho anayetaka kujiunga na mchezo huu atakumbana na mizani ileile ya nguvu na uzito.

Matangazo ya bunduki hutaja katriji nzito kuliko zote ambazo silaha inaweza kustahimili. Mnunuzi mwenye bega dhaifu na mfuko mdogo anahitaji kujua kinyume chake: nyepesi kuliko zote ambayo silaha hiyo itaikubali, leo asubuhi na baada ya katriji mia moja za masizi. Akishaipata bunduki inayolijibu swali hilo mbele ya macho yake, ndipo azungumzie bei.