Sentensi Fupi za Jabe: Utangulizi

Mtoto wa Jabe, mtaa wa Bujumbura, anapoandika sentensi yake ya kwanza ya Kiingereza, tayari ana lugha tatu. Kiswahili ni cha mtaani, maana Buyenzi, mtaa unaozungumza Kiswahili, ni jirani. Kirundi ni cha nchi nzima, na Kifaransa amekikuta shuleni. Kiingereza kilizidi kupewa uzito Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 sheria ikakifanya lugha rasmi. Karibu, mwalimu na mwanafunzi wa isimu, tuyasome madaftari ya watoto hawa.

Tuanze na umri. Mtoto huandika “I have ten years”, na lawama huangukia Kifaransa, “J’ai dix ans”. Lakini Kiswahili nacho husema “nina miaka kumi”, na Kirundi “mfise imyaka cumi”. Lugha zake zote zimekubaliana. Kiingereza pekee ndicho kinachodai kitenzi cha kuwa. Mtoto huyu amefikiri vizuri sana, na mwalimu anayekata tu kwa wino mwekundu hajaiona kazi hiyo.

Sasa “My mother he cook”. Katika “mama anapika”, kiambishi a- humrudia mtenda, wala hakibagui mwanamke na mwanamume. Ndipo “he” ilipotoka. Ila ile “s” iliyokosekana kwenye kitenzi si ya kusingizia Kiswahili: huchelewa kwa wanafunzi wa lugha nyingi duniani.

Wanaisimu wameyatazama makosa kama haya kwa njia tofauti. Robert Lado, mwaka 1957, aliamini kwamba ukilinganisha lugha mbili utabashiri ugumu utakaomkabili mwanafunzi. Pit Corder akaonyesha mwaka 1967 kuwa kosa ni ushahidi wa namna mwanafunzi anavyojijengea lugha, na mwaka 1972 Larry Selinker akaupa mfumo huo wa mpito jina ambalo hapa tunaliita lugha-kati. Nawaheshimu wote watatu. Hata hivyo, mwanafunzi anayejitokeza zaidi katika nadharia zao ana lugha moja na anatafuta ya pili. Wa Jabe anatafuta ya nne, na taaluma hii inawahitaji watu wanaomfahamu.

Kwa hiyo, kabla ya kusahihisha, nakili sentensi kama ilivyo. Kisha mwombe mtoto akuambie jambo lilelile kwa Kiswahili, halafu kwa Kirundi, na uyaandike majibu yake pembeni. Sura ya kwanza inaanza na kurasa za namna hiyo.