Kivinjari Kipya, Tovuti ya Zamani

Machi 10, 2020, Mozilla ilitoa toleo la 74 la Firefox. Pamoja na mambo mengine, toleo hilo lilizima TLS 1.0 na TLS 1.1, kanuni mbili za kusimba mawasiliano kati ya kompyuta na tovuti. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1999, ya pili ya mwaka 2006, na zote mbili zilikwisha kuonekana dhaifu. Hakuna aliyeshtukizwa: Mozilla, Google, Apple na Microsoft walikuwa wametangaza tangu Oktoba 2018 kwamba wangeziacha mwaka 2020.

Siku iliyofuata, Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba Uviko-19 umekuwa janga la dunia. Watu wakakimbilia tovuti za serikali zao kutafuta habari za ugonjwa, na baadhi ya tovuti hizo bado zilitegemea kanuni zilezile za zamani. Aliyekuwa na Firefox mpya akakutana na ukurasa wa onyo badala ya maelezo ya afya. Mozilla ikarudi nyuma. Ikaziwasha tena TLS 1.0 na 1.1, ikaeleza wazi kwamba sababu ni tovuti za serikali zenye taarifa za Uviko-19, kisha ikazizima upya katika toleo la 78, mwishoni mwa Juni.

Google nayo ilisitisha matoleo ya Chrome kwa muda mwezi huohuo wa Machi na hatimaye ikaliruka kabisa toleo la 82. Mwezi Aprili kampuni hiyo ikarudisha nyuma kanuni mpya ya vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huhifadhi ndani ya kivinjari) iliyokuwa imeanza kuisambaza Februari, ili huduma za benki, afya, serikali na ununuzi wa vyakula mtandaoni zisiyumbe wakati watu wamejifungia majumbani.

Kwa mtumiaji wa kawaida, sasisho la kivinjari ni kidirisha kinachojitokeza wakati ana kazi nyingine. Majuma yale yalionyesha uzito wake. Watengenezaji wa vivinjari wana wajibu wa aina mbili unaovutana kila mwezi: kumkinga mtumiaji na hatari mpya, na kuhakikisha kwamba tovuti iliyojengwa miaka ishirini iliyopita, pengine na mtu aliyekwisha kuacha kazi, inaendelea kufunguka. Anayeuelewa mvutano huo hatahangaika sana siku tovuti anayoitegemea inapomgomea.

Kinachokuja na sasisho

Kivinjari hakionyeshi kurasa tu. Kila mtu anapofungua tovuti, kivinjari hupokea maagizo yaliyoandikwa na watu asiowajua, kisha huyatekeleza ndani ya kompyuta yake: HTML inayopanga maandishi, CSS inayotoa sura, na JavaScript inayofanya vitufe na fomu vifanye kazi. Kazi hiyo hufanywa na injini. Injini kubwa leo ni tatu. Blink imo katika Chrome, Edge na Opera. Gecko imo katika Firefox. WebKit imo katika Safari.

Hatari inaweza kuingia hata kwa njia ya picha moja. Septemba 2023 iligundulika hitilafu katika libwebp, maktaba ya programu inayofungua picha za aina ya WebP. Programu inapofungua picha hutenga nafasi ya kumbukumbu yenye ukubwa maalumu. Picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuifanya libwebp iandike data kupita nafasi hiyo, kama mtu anayemimina pishi mbili za mchele katika chombo cha pishi moja. Katika kompyuta, kinachomwagika huangukia sehemu za kumbukumbu zenye shughuli nyingine, na mshambuliaji hodari anaweza kupanga kimwagikie wapi mpaka akaitawala programu. Mtumiaji hakuhitaji kubofya chochote. Kuiona picha kulitosha. Google ilitoa marekebisho ya Chrome Septemba 11 na kukiri kwamba udhaifu huo ulikuwa tayari unatumiwa na washambuliaji. Firefox ikarekebishwa kesho yake. Programu nyingine nyingi zilizobeba maktaba hiyo zililazimika kufuata.

Mkasa huo si wa pekee. Mwaka 2020 wahandisi wa Chromium, mradi unaozaa Chrome, walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya hitilafu zao kubwa za usalama zilitokana na makosa ya kushughulikia kumbukumbu. Ndiyo maana kasi ya masasisho imeongezeka. Firefox hutoa toleo kubwa kila baada ya wiki nne tangu mwaka 2020, Chrome tangu Septemba 2021, na tangu Agosti 2023 Chrome hutoa pia marekebisho ya usalama kila wiki.

Kuna jambo moja ambalo watumiaji wengi hawalijui. Msimbo wa Chromium na wa Firefox uko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo rekebisho linapotoka, wadukuzi nao hulisoma. Hulinganisha msimbo mpya na wa zamani, wakaona kasoro ilipokuwa, wakatengeneza shambulio la kuwalenga waliobaki nyuma. Aliyechelewesha sasisho kwa mwezi mzima yuko hatarini zaidi kuliko alivyokuwa kabla rekebisho halijatoka.

Wengi wa Afrika Mashariki huzima masasisho ili kuokoa bando, na sababu hiyo inaeleweka. Hata hivyo ni afadhali kuunganisha kompyuta kwenye Wi-Fi ya ofisini au ya chuo mara moja kwa wiki kuliko kuliacha sasisho kabisa. Tena, kupakua peke yake hakutoshi. Sasisho huanza kufanya kazi kivinjari kinapofungwa na kufunguliwa upya, na mwenye mazoea ya kufunika kompyuta mpakato huku vichupo thelathini vikiwa wazi anaweza kukaa wiki nzima na toleo lenye tundu ilhali toleo jipya limo ndani ya mashine yake.

Kwa nini tovuti hukataa

Kivinjari kinapoomba ukurasa hujitambulisha kwa seva kwa mstari mmoja wa maandishi. Chrome ya leo huanza utambulisho wake kwa maneno "Mozilla/5.0", kisha hutaja AppleWebKit, KHTML, Gecko, Chrome yenyewe na kumalizia na Safari. Msururu huo una historia. Katikati ya miaka ya 1990 Netscape, iliyojitambulisha kwa jina la Mozilla, iliweza kuonyesha kurasa zilizogawanywa kwa fremu. Wenye tovuti wakaanza kuuliza jina mlangoni: aitwaye Mozilla alipewa ukurasa mzuri, wengine wakapewa ukurasa hafifu. Microsoft ikakifanya Internet Explorer kijiite Mozilla. Waliokuja baadaye wakafanya vivyo hivyo, kila mmoja akiongeza jina la yule aliyemtangulia.

Tovuti inayouliza jina badala ya kupima uwezo huvunjika kwa sababu ndogo mno. Mwaka 2009 Opera ilifika toleo la 10. Wakati wa majaribio iligundulika kwamba baadhi ya tovuti zilisoma tarakimu ya kwanza tu, zikaona 1, zikakitimua kivinjari zikidhani ni cha kale. Opera ikalazimika kuendelea kujitambulisha kama 9.80 na kuiweka namba yake ya kweli mwishoni mwa mstari. Wasiwasi huo ulirudi mwaka 2022, Chrome ilipofika toleo la 100 mwezi Machi na Firefox mwezi Mei. Mara hii wahandisi walijaribu namba hiyo ya tarakimu tatu miezi kadhaa kabla, wakazitafuta tovuti zinazojikwaa, na wakaandaa mpango wa akiba wa kubaki na namba 99 endapo mambo yangeharibika.

Somo chungu zaidi liliachwa na Internet Explorer 6. Kilitoka Agosti 2001, na toleo la 7 likaja Oktoba 2006, miaka mitano baadaye. Katika kipindi hicho Microsoft ilishika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji, na wajenzi wa tovuti na mifumo ya ofisi wakafuata kasoro za kivinjari hicho kana kwamba ndizo kanuni. Korea Kusini ilijenga usalama wa huduma za benki mtandaoni juu ya ActiveX, teknolojia ya Internet Explorer, na kwa miaka mingi raia wake wakawa wamefungwa kwenye kivinjari kimoja. Microsoft ilikistaafisha Internet Explorer 11 kwenye Windows 10 Juni 15, 2022, lakini ikaacha ndani ya Edge hali maalumu ya kufungulia mifumo ya zamani, itakayodumishwa angalau hadi mwaka 2029. Ofisi yenye mfumo wa aina hiyo itumie hali hiyo kwa mfumo huo mmoja, badala ya kuwaachia wafanyakazi wote kivinjari kisichotengenezwa tena.

Upande wa pili, uzito wa tovuti za zamani huweza kuibadilisha hata lugha ya programu. Mwaka 2018 wasimamizi wa JavaScript walitaka kuongeza amri iitwayo "flatten". Majaribio katika Firefox yakaonyesha kwamba jina hilo linagongana na MooTools, maktaba iliyopendwa miaka ya nyuma na ambayo bado imo katika tovuti zisizo na fundi. Baada ya mjadala mrefu amri ikapewa jina "flat". Waliochagua hivyo waliwakumbuka wasomaji wa tovuti ambazo hakuna atakayezirekebisha.

Ukurasa usipofunguka

Hatua ya kwanza ni kusoma onyo lenyewe. Likitaja cheti cha usalama, mtumiaji aangalie tarehe na saa ya kompyuta yake. Katika kompyuta kongwe za mezani, betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mama ikifa, tarehe hurudi nyuma kwa miaka kila umeme unapokatika. Kivinjari kikilinganisha tarehe hiyo na cheti cha tovuti hukiona cheti hakijaanza kutumika, kikakataa. Betri hiyo ni ya bei ndogo, na kuibadilisha humaliza tatizo ambalo wengi hulitupia mtandao.

Ukurasa ukifunguka huku umepinda au vitufe havijibu, abonyeze Ctrl, Shift na R kwa pamoja ili kivinjari kilete faili mpya badala ya zile kilizohifadhi. Isiposaidia, aufungue ukurasa huo katika Hali Fiche, ambamo vidakuzi vya zamani havimo na viendelezi vingi huwa vimezimwa. Ukifanya kazi humo, kosa liko kwenye kidakuzi au kiendelezi, mara nyingi kile kinachozuia matangazo. Inatosha kufuta vidakuzi vya tovuti hiyo moja na kuzima viendelezi kimoja kimoja mpaka mkosaji apatikane.

Kisha ajaribu injini nyingine. Kutoka Chrome kwenda Edge hakupimi mengi, kwa kuwa zote mbili ni Blink; Firefox ndiyo itakayotoa jibu. Kwenye iPhone, Apple kwa miaka mingi imevitaka vivinjari vyote vitumie WebKit, Chrome ikiwemo, sharti ambalo sheria ya Umoja wa Ulaya ililegeza katika nchi zake mwaka 2024. Wanaotumia Opera Mini, iliyopendwa sana Kenya na Tanzania kwa kuokoa bando, wajue kwamba katika hali yake ya kubana data sana ukurasa huandaliwa kwanza kwenye seva za Opera, kisha hutumwa simuni ukiwa umepunguzwa. Ni njia nzuri ya kusoma habari, lakini fomu za malipo na za maombi hukwama humo. Kwa kazi hizo hali hiyo izimwe.

Kurudi kwenye toleo la zamani la kivinjari si tiba, kwa sababu matundu yote yaliyozibwa hufunguka tena. Na ukurasa wowote wa tovuti unaodai kwamba kivinjari kimepitwa na wakati, bofya hapa upakue kipya, ufungwe mara moja. Hiyo ni njia ya siku nyingi ya kusambaza programu hasidi. Sasisho la kweli hupatikana ndani ya kivinjari chenyewe, kwenye menyu, katika sehemu inayokihusu.

Wenye kompyuta za Windows 7 na 8.1 wana shida ya aina yake, kwani Chrome 109 ya Januari 2023 ndiyo ya mwisho kwao. Mozilla iliendelea kuwatolea marekebisho ya usalama ya Firefox 115 kwa muda mrefu baada ya hapo, na kwa mashine isiyoweza kubeba Windows mpya, mfumo wa Linux ulio mwepesi utaiwezesha kupokea vivinjari vya sasa.

Ikiwa hatua zote hizo hazikufua dafu, zimebaki dakika mbili za kuripoti. Menyu ya Firefox ina sehemu ya kuripoti tovuti iliyovunjika, na Chrome ina ya kuripoti tatizo chini ya Usaidizi. Ripoti hizo husomwa. Anayeandika about:compat kwenye upau wa anwani wa Firefox ataona orodha ya tovuti kwa majina, kila moja na kiraka ambacho wahandisi wa Mozilla wameishonea ili ifunguke sawasawa, pamoja na kiungo cha ripoti iliyoanzisha kazi hiyo. Mwenye tovuti akirekebisha msimbo wake, kiraka huondolewa na jina lake hutoka katika orodha.