Kifaa cha sikioni kipimwe kwanza kwa wazee wa Nakuru

Mwaka 2018 kampuni ya Starkey ya Marekani ilitoa kifaa cha kusaidia kusikia chenye vihisi ndani yake. Mzee akianguka, kifaa hutambua na kuwatumia jamaa zake ujumbe kwa simu. Vifaa vingine vya sikioni hupima mapigo ya moyo: taa ndogo humulika ngozi, damu hufyonza sehemu ya mwanga, na moyo unapopiga, kiasi cha mwanga unaorudi hubadilika. Sikio linafaa kwa sababu halichezi huku na huku kama mkono.

Je, bibi wa Molo au Subukia, hapa Nakuru, akivalishwa kifaa hicho, vipimo vyake viaminiwe?

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni, ambavyo navyo hutumia mwanga, vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa Wazungu. Kifaa cha namna hiyo kinaweza kusema mgonjwa ni mzima, kumbe anazidiwa.

Nakuru tayari imeonyesha njia ya kujaribu kifaa kwanza kwa wazee wake, kwa upande wa macho. Mwaka 2007 na 2008, timu ya Dkt. Wanjiku Mathenge iliwapima macho watu 4,414 wa miaka 50 na zaidi. Walipofuatiliwa tena kuanzia 2013, daktari wa macho Andrew Bastawrous alikuja na programu ya simu, Peek Acuity, ikajaribiwa kwa watu 233 wa miaka 55 na zaidi. Mzee hukaa mita 2 kutoka kwenye simu, kisha huonyesha kwa mkono miguu ya herufi E imeelekea wapi. Mpimaji hutelezesha kidole kwenye kioo upande huohuo. Asiyejua kusoma hupimwa vilevile. Matokeo, yaliyochapishwa 2015, yalikaribiana na ya chati ya kawaida, na simu ilichukua wastani wa sekunde 77, chati 82.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana tatizo kubwa la kusikia, hivyo wauzaji watabisha hodi. Kabla kaunti haijanunua hata kifaa kimoja, kivaliwe na wazee wa hapa, katika baridi ya Molo na vumbi la kiangazi, na vipimo vyake vilinganishwe na vya muuguzi. Iamuliwe mapema pia ni simu ya nani itakayolia mzee akianguka saa nane usiku, ikiwa wanawe wote wako Nairobi.